Dhiki haifunzi utu: mtazame mtu wa pili

Oktoba 2025, Akademia ya Uswidi ilipomtunuku László Krasznahorkai wa Hungaria Tuzo ya Nobel ya Fasihi, ilisema maandishi yake yanathibitisha nguvu ya sanaa katikati ya vitisho vya kiama. Mwaka mmoja kabla yake, Han Kang wa Korea Kusini alitunukiwa kwa nathari inayokabili majeraha ya historia. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyesifiwa kwa kuandika kwa huruma na bila kulegeza kamba juu ya athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi. Mwaka 2015 ilikuwa Svetlana Alexievich wa Belarusi, na kazi yake iliitwa mnara wa mateso na ujasiri wa zama zetu. Ukiipitia orodha hiyo haraka haraka, ni rahisi kusema kwamba fasihi ya dunia imegeuka kilio, na ndivyo wengi wanavyosema. Wapo wanaofurahi: kwao ni uthibitisho kwamba dhiki ndiyo mwalimu wa utu, na asiyeteseka hana cha kuandika wala moyo wa kuhurumia. Wapo waliochoka: kwao vitabu hivi havina funzo zaidi ya kwamba binadamu akibanwa vya kutosha huwa mnyama, na hilo walishalijua.

Naona pande zote mbili zinatafuta jibu mahali lisipokuwepo. Zinamkodolea macho anayeteseka, yeye peke yake, kana kwamba kifuani mwake mna kitu kilichofichwa ambacho dhiki itakitoa nje, kiwe kizuri au kibaya. Kazi bora kuhusu mateso hazikuandikwa hivyo. Ndani yake dhiki haizai wema wala uovu. Kazi yake ni kupunguza: inapunguza chakula, usingizi, heshima, muda wa kufikiri na idadi ya njia zilizobaki wazi, mpaka tendo dogo la mtu mwingine, ambalo siku ya kawaida lisingetazamwa mara mbili, linakuwa jambo la kufa na kupona. Wema na uovu hutokea hapo, baina ya watu wawili. Kwa hiyo mhusika wa kuchunguzwa katika hadithi ya mateso ni mtu wa pili: aliyekaa karibu, aliyepita njia, aliyekabidhiwa kiboko, au aliyekuwa na kipande cha mkate mfukoni.

Tuanze na Ayubu, maana jina lake hutangulia kila mazungumzo haya yanapoanza. Waislamu kwa Wakristo humtaja kwa subira, na mtu aliyevumilia mengi huambiwa ana subira ya Ayubu. Lakini anayekisoma kitabu chake katika Biblia hadi mwisho anakuta subira hiyo ya kimya imekaa katika sura mbili za mwanzo tu. Sura ya tatu inafunguka kwa Ayubu kuilaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo analalamika, anabisha, anadai kesi yake isikilizwe. Kitabu chenyewe kimebebwa na rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Waliposikia yaliyompata walifunga safari. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua. Wakalia, wakararua mavazi yao, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila hata mmoja kumwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Ni picha ya huruma iliyokamilika. Kisha wakafungua vinywa, na ubaya ukaingia. Hawakuweza kustahimili wazo kwamba mtu mwema ameteseka bila kosa, kwa kuwa likiwezekana kwake linawezekana kwao pia. Wakaanza kumtafutia kosa. Kufikia sura ya 22, Elifazi anamshtaki waziwazi kwamba aliwavua watu nguo, akawanyima maji waliochoka, akawafukuza wajane mikono mitupu, mambo ambayo msomaji anajua fika hayakutokea. Mtu aliyekaa naye mavumbini wiki nzima amegeuka shahidi wa uongo dhidi yake, na wala hakuna njaa iliyomfikisha huko. Mwishoni Mungu anawakasirikia marafiki hao waliodhani wanamtetea Yeye, ilhali Ayubu aliyepiga kelele anaambiwa amesema yaliyo sawa. Na kitabu kinaeleza kwamba hali yake iligeuzwa alipowaombea rafiki zake. Mwili unaoteseka ni mmoja, ila mizani ya wema na uovu imewapima watu wanne.

Nimekaa kwa Ayubu kwa sababu hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu humtumia yeye kama ngao. Ni hoja ya kwamba mateso ni tanuri na mtu ni dhahabu: akichomwa, takataka hutoka na kilicho safi hubaki. Hata methali huitwa kuja kuisaidia, ingawa zenyewe zina tahadhari zaidi. "Baada ya dhiki faraja" inaahidi kwamba dhiki ina mwisho; haisemi kwamba aliyefika mwisho huo ametakasika njiani. "Mvumilivu hula mbivu" inazungumzia tunda, haizungumzii roho ya mlaji.

Shahidi mzito wa hoja ya tanuri ni mwandishi wa Urusi Aleksandr Solzhenitsyn. Alikamatwa mwaka 1945 akiwa afisa wa jeshi, kwa sababu ya maneno ya kumkosoa Stalin katika barua, akahukumiwa miaka minane. Katika kazi yake kubwa juu ya kambi za Urusi ya Kisovieti, Arkhipelag Gulag, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1973, anafika mahali anaibariki jela kwa kuwa sehemu ya maisha yake, kwani humo ndimo alimojifunza kwamba mpaka kati ya wema na uovu haupiti baina ya mataifa wala matabaka, unapita katikati ya moyo wa kila mtu. Wanaopenda kumnukuu huishia hapo. Lakini Solzhenitsyn alikuwa mwaminifu kuwapita. Baada tu ya baraka hiyo anafungua mabano na kuzisikiliza sauti kutoka makaburini zikimjibu kwamba ni rahisi kwake kusema hivyo, kwa kuwa yeye alitoka hai. Mwandishi mwenzake Varlam Shalamov, aliyepelekwa kwenye kambi za Kolyma, mashariki ya mbali ya Urusi, mwaka 1937 na kuishi kwenye baridi na migodi ile kwa miaka mingi, alikataa katakata. Kwake kambi ilikuwa shule ya ubaya kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mtu hapaswi hata kuyajua aliyoyaona yeye. Viktor Frankl, daktari wa akili aliyepitia kambi za Wanazi na ambaye kitabu chake hutumiwa sana kufariji watu, aliandika kwamba waliokuwa bora miongoni mwao hawakurudi. Primo Levi, Mwitalia aliyenusurika kambi ya Wanazi ya Auschwitz, alisema karibu maneno hayo hayo.

Hapo ndipo hoja ya tanuri inapoporomoka. Ushahidi wake wote umekwisha kuchujwa na kifo. Tunawasikia waliotoka, na miongoni mwa waliotoka tunawasikia zaidi wenye kipaji cha kuandika, na miongoni mwa hao tunawachagua waliotoka na shukrani. Mwandishi wa Urusi Dostoevsky alisimamishwa mbele ya bunduki tarehe 22 Desemba 1849, akasamehewa dakika za mwisho, akapelekwa gereza la Omsk, Siberia, miaka minne. Watu husema Siberia ndiyo iliyomtengeneza. Maelfu walipita Siberia ile ile. Kama tanuri ndilo hutengeneza, lilikuwa na haki ya kutuletea zaidi ya mmoja. Na hoja hii ina madhara nje ya vitabu: anayeamini kwamba mateso husafisha hana haraka ya kuyaondoa. Atamwambia aliyelala njaa kwamba anajengwa.

Upande wa pili una nguvu zaidi, na nauheshimu. Unasema: mnyime mtu chakula, mfukuze kila mlango, kisha usishangae akiiba. Wahenga walisema adui mwombee njaa, wakijua njaa ina uwezo wa kumfanya mtu atende asiyoyataka. Riwaya iliyoitetea hoja hii kwa sauti kubwa ni Les Misérables ya Victor Hugo, ya mwaka 1862. Jean Valjean anavunja kioo na kuiba mkate kwa ajili ya watoto saba wa dada yake. Anahukumiwa miaka mitano. Anajaribu kutoroka mara kadhaa, kila jaribio linaongeza kifungo, anatoka baada ya miaka 19. Hugo hafichi kilichotoka humo: mtu mgumu, mkimya, mwenye chuki na dunia nzima. Tanuri limewaka miaka 19 na dhahabu haikuonekana. Hadi hapo upande wa pili unashinda.

Lakini angalia Hugo anavyoendelea. Valjean anapewa kitanda na askofu Myriel, anaamka usiku, anaiba vyombo vya fedha, anakamatwa, analetwa mbele ya askofu na askari. Askofu anasema alimpa vile vyombo, kisha anamwongezea vinara viwili vya fedha alivyosahau. Wengi hukumbuka tukio hilo kama mahali ambapo Valjean anaongoka, na riwaya haisemi hivyo. Saa chache baadaye, akiwa amekaa porini, kinapita kitoto kiitwacho Petit-Gervais kikirusharusha sarafu zake. Sarafu moja inabiringika mpaka miguuni pa Valjean, naye anaikanyaga. Mtoto analia, anamwomba ainue mguu, anafukuzwa. Baada ya mtoto kutokomea ndipo Valjean anapoiona sarafu ardhini, anashtuka, anaanza kukimbia huku na huku akimwita, na asipompata anaangua kilio kwa mara ya kwanza katika miaka 19. Ameiba baada ya kusamehewa, kutoka kwa mtu dhaifu kuliko yeye, kitu asichokihitaji. Kilichombadilisha kilihitaji watu wawili: mmoja aliyempa wakati hakustahili, na mwingine ambaye Valjean alimtendea kama dunia ilivyomtendea yeye. Kifungo hakikuwa na mchango isipokuwa kumfikisha pale akiwa mtupu kiasi kwamba mambo mawili madogo yaliweza kumpindua.

Na riwaya hiyo hiyo inaivunja hoja ya njaa kwa njia nyingine. Fantine anauza nywele zake ili amnunulie binti yake sketi ya sufu, kisha anauza meno yake mawili ya mbele. Fedha zinakwenda kwa Thénardier na mkewe, wenye nyumba ya wageni, wanaomlea mtoto huyo kwa kumtumikisha na kubuni magonjwa ili watumiwe zaidi. Baadaye nao wanafilisika, wanaishi kwenye chumba kibovu mjini Paris, na njaa haiwafanyi chochote zaidi ya kuwafanya wawe vile walivyokuwa kwa ukali mkubwa. Ungesema basi ni damu mbaya. Lakini mtoto wao wa kiume, Gavroche, aliyetupwa mtaani, asiye na shati la maana, anawaokota watoto wawili waliopotea, anawagawia mkate, anawalaza ndani ya sanamu ya tembo anamolala yeye, wala hajui kwamba ni ndugu zake wa tumbo moja. Njaa moja, nyumba moja, matokeo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hugo hakuijua methali hiyo, na bado Gavroche ndiye tafsiri yake bora.

Hapa hujitokeza hoja ya tatu, yenye akili kuliko mbili za kwanza: kwamba dhiki haimbadilishi mtu, inamfunua. Gavroche alikuwa mwema tangu zamani, Thénardier mwovu tangu zamani, dhiki imevua kifuniko tu. Hoja hii ni nadhifu na inafaa kwa majibu ya mitihani. Tatizo lake ni kwamba haitabiri kitu. Valjean halisi ni yupi, aliyekanyaga sarafu au aliyelia saa moja baadaye? Ukisema wote wawili, basi dhiki imefunua mambo mawili yanayopingana, na neno "kufunua" halijatueleza kwa nini moja lilitangulia. Katika La Peste ya Albert Camus, ya mwaka 1947, mji wa Oran umefungwa kwa tauni. Mwandishi wa habari Rambert si mwenyeji wa pale. Anataka kutoroka arudi kwa mwanamke anayempenda, na anaona wanaopambana na ugonjwa wanacheza mchezo wa ushujaa. Anayemgeuza ni Tarrou, anapomtajia kwa kifupi kwamba mke wa daktari Rieux naye yuko mbali, mgonjwa, nje ya mji uliofungwa. Rieux hakuwahi kulisema. Asubuhi Rambert anapiga simu kuomba afanye kazi nao mpaka apate njia ya kutoka, na njia inapopatikana anabaki. Tauni ilikuwa imemzunguka wiki nyingi bila kumfunua lolote. Kilichomsogeza ni kujua kwamba mtu aliyekuwa akimwona kila siku amebeba mzigo uleule kimya.

Upande wa uovu nao una mtu wake wa pili, na hapa fasihi inakuwa kali zaidi. Levi, mkemia wa Turin aliyepelekwa Auschwitz mwaka 1944, aliandika katika kitabu chake cha 1986 juu ya eneo la kijivu: wafungwa waliopewa cheo kidogo, mnyapara wa kikosi, msimamizi wa bweni, mgawaji wa supu. Wengine walikuwa na njaa kama wenzao, na wakawapiga wenzao kwa ukatili uliowapita hata walinzi. Levi anakataa kuwahukumu kwa wepesi, na pia anakataa kusema kwamba njaa ndiyo iliyowafanya hivyo. Aliyebuni mfumo wa kumpa mwenye njaa kiboko juu ya mwenye njaa mwenziwe ndiye mwenye hatia ya kwanza. Uovu wa kambi haukuchipuka wenyewe kutoka kwenye dhiki. Ulipangwa, na dhiki ilikuwa malighafi. Gurnah anaonyesha mlango uleule kwa utulivu mkubwa zaidi katika Paradise, riwaya ya 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf ni mtoto aliyetolewa na baba yake kama rehani ya deni kwa tajiri Aziz. Anapita miaka ya utumishi na safari ya bara, anapendwa, anatamaniwa, hana mamlaka juu ya lolote hata mwili wake. Ukurasa wa mwisho unamwona akikimbilia msafara wa askari wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani, wale wale waliokuja kuwateka watu. Wasomaji hubishana kama anakimbilia uhuru au utumwa mwingine. Mimi naona linalotisha ni dogo zaidi: anayemkimbilia ni mtu kama yeye, ila aliyeshika silaha.

Ila kiboko peke yake hakitoshi kumfanya mtu mwovu, na mfano wake tunao nyumbani. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili, Hasidi na Mansuri, wanamsaliti ndugu yao kwa husuda, wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa awachape kila usiku. Anawachapa. Anafanya hivyo kwa uchungu, akiwahurumia, na mfalme anapoyajua mambo hayo ni masikitiko ya Adili yanayomfanya aulize. Shaaban Robert amemwekea msomaji jaribio zito: mtu aliyeumizwa, mwenye haki ya kulipiza, aliyepewa kiboko na amri juu yake. Kila sharti la uovu limetimia. Kinachokosekana ni kwamba Adili hajaacha kuwaona manyani wale kuwa ni ndugu zake.

Pingamizi kubwa dhidi ya ninayoyasema ni mfungwa wa upweke. Ikiwa wema na uovu huhitaji watu wawili, tumwambie nini aliyefungiwa peke yake na akatoka hajapinda? Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Jina la diwani linaweza kumdanganya msomaji kwamba dhiki ndiyo inayosema. Yasome mashairi. "Siwati" ni tamko la mtu asiyeacha alichokishika, na alikishika kabla ya gereza. Waraka ulitangulia kifungo, kifungo kilikuwa malipo yake. Gereza halikumpa msimamo. Lilijaribu kumnyang'anya. Na diwani hiyo, japo imeandikwa chumbani mwa mtu mmoja, imejaa wasemeshwaji: mamba anayejigamba anaambiwa siku yake nayo itafika, nchi inaulizwa, wenzake wa nje wanajibiwa. Utungo wa Kiswahili wa aina hii umezoea majibizano tangu enzi za Muyaka wa Mombasa, naye mfungwa aliyeurithi hakuweza kutunga bila kumsemesha mtu. Alikuwa peke yake kwa amri ya serikali, ila ndani ya ushairi hakukubali kuwa peke yake.

Lingekuwa jambo rahisi kama ningeishia kusema kwamba mtu mwema akitokea, wema hutokea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mambo yakaisha. Levi hataki tuishie hapo. Yeye mwenyewe alikuwa na mtu wa pili wa kweli: Lorenzo, fundi mwashi wa Kiitalia aliyefanya kazi karibu na kambi kama kibarua wa kiraia, asiyesema sana, ambaye kwa miezi sita alimletea kila siku kipande cha mkate na mabaki ya chakula chake, akampa fulana yake yenye viraka, akamwandikia kadi ya posta kwenda Italia na kumletea majibu. Hakutaka malipo. Levi aliamini yuko hai kwa sababu ya Lorenzo, na zaidi ya chakula alikuwa akimkumbusha kwamba bado ipo dunia yenye haki nje ya ile. Ungetarajia mtu kama huyo atoke vitani akiwa mzima. Alirudi nyumbani, akazama katika ulevi, akafa mwaka 1952. Aliyoyaona yalimmaliza, na wema wake haukumkinga.

Kisha kuna kisa cha maji. Agosti 1944, joto kali, wafungwa wana kiu ya kuwatia wazimu. Levi anapata bomba dogo lililosahaulika kwenye handaki walimokuwa wakifanya kazi, lina maji yanayokadiriwa kuwa lita moja. Anaweza kunywa yote mwenyewe, anaweza kugawa na kikosi kizima, anaweza kumwambia rafiki yake Alberto tu. Anamwambia Alberto. Wanalala chali, wanakinga matone kwa zamu, kwa siri. Njiani kurudi kambini, Daniele, mwenzao wa kikosi, midomo imempasuka na macho yanang'aa kwa kiu. Alikuwa amewaona wamelala chali kwenye vifusi, akashuku, kisha akaelewa. Miezi mingi baadaye, wakiwa wamekombolewa, Daniele alimwuliza kwa nini wao wawili na si yeye. Lita moja kwa watu wawili ni maji, kwa kikosi kizima si kitu. Na bado aibu haikumwacha Levi, na kila walipoonana na Daniele baadaye, maji yale yalikuwa ukuta kati yao. Tendo lile ni wema kamili ukilitazama upande wa Alberto, na ni dhuluma ukilitazama upande wa Daniele. Hakuna sifa ya tabia ya Levi itakayolieleza. Lazima uwahesabu watu waliokuwepo.

Nadhani hii ndiyo sababu uhakiki wetu wa wahusika unahitaji kubadilika, hasa darasani. Tumezoea kumwuliza mwanafunzi: eleza sifa za mhusika, onyesha jinsi shida zilivyomjenga au zilivyompotosha. Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971, ameteswa na swali hilo kwa nusu karne. Rosa anapigwa vibaya na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Akifika mbali na macho ya baba anaachia kila kitu. Mwisho wake ni kujiua. Wanafunzi hugawanyika: amepotoka mwenyewe, au amepotoshwa na malezi. Wote wanajibu swali la mtu mmoja. Kezilahabi hakuandika la mtu mmoja: alimpa Rosa mama asiye na sauti mbele ya kiboko, wanaume wanaojua fika wanamtumia, mchumba anayepima bikira kabla ya kumpima mtu, na riwaya inaifikisha kesi ya binti na baba mbele ya hukumu ya baada ya kifo. Swali lenye faida ni la kila mmoja wao: siku ile Rosa alipobakiwa na njia mbili, wewe ulisimama wapi, na ulishika nini mkononi?

Swali hilo haliondoi lawama kwa anayeteseka. Thénardier anawajibika, mnyapara anawajibika, na Rosa naye alikuwa na hiari yake. Linachoongeza ni wawajibikaji ambao hoja ya tanuri na hoja ya njaa huwaacha wapite: waliopanga nani ashike kiboko, waliotoa maelezo badala ya maji, walioona midomo iliyopasuka wakaendelea na safari. Mwandishi anayetaka kuandika dhiki leo, iwe ya vita, ukame au ukimbizini, hana haja ya kuongeza damu ukurasani ili aaminiwe. Amweke mtu wa pili karibu, ampe kitu kimoja anachoweza kutoa au kuzuia, na asiharakishe kutuambia kama ni mwema.